Viatu vya Theluji Namba Kumi na Saba

Mwanangu Réjean aliniwekea sharti lake mezani kwangu, huku anakula supu yangu ya njegere, na hapo ndipo paliponiuma zaidi. Angeniambia akiwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, labda ningevumilia. Lakini alimaliza bakuli la kwanza, akaomba la pili, akapangusa mdomo kwa kitambaa nilichokipiga pasi mwenyewe, ndipo akafungua domo.

"Mama, tuongee kama watu wazima."

"Mimi ni mtu mzima tangu wewe hujazaliwa. Ongea."

"Huwezi kukaa huku peke yako majira mengine ya baridi. Greda halifiki tena."

Halifiki, ni kweli. Mwaka juzi halmashauri iliamua kwamba greda la theluji ligeuzie pale kwenye ule msalaba wa Yesu uliosimikwa kando ya barabara, kwa sababu kutoka hapo hadi mwisho wa barabara imebaki nyumba moja tu inayotoa moshi, nayo ni yangu. Kilomita mbili kasoro kidogo. Waliniandikia barua ya kunishukuru kwa uelewa wangu. Uelewa gani? Nani aliwaambia kwamba nimeelewa? Nilikunja ile barua nikawashia jiko.

"Mwaka jana ulikaa siku tatu bila umeme wala simu, na homa juu," Réjean akaendelea. "Nisingekuja na pikipiki ya theluji ya Léandre tungekuzika."

"Nilikuwa na mafua."

"Ilikuwa nimonia, Mama."

Sawa, ilikuwa nimonia. Sikumjibu. Akasukuma bakuli pembeni na kutoa sharti: nichague siku moja ya mwezi wa pili, theluji ikiwa imekomaa, nitoke nyumbani kwangu kwa miguu mpaka msalabani. Peke yangu, bila jirani yangu Léandre wala pikipiki yake, na kwa muda usiozidi saa moja. Nikiweza, hatanisumbua tena. Nikishindwa, nyumba inauzwa na mimi naenda kwenye makazi ya wazee mjini, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari.

"Wana bingo kila Jumatano," akasema.

Mtu atauliza, nyumba ni yangu, yeye anaiuzaje? Mume wangu Adélard alimwandikishia Réjean nyumba na ardhi kabla hajafa, kama walivyofanya wazee wote wa barabara hii. Mtoto anachukua ardhi, naye anaahidi mbele ya mwanasheria kwamba mzazi atatunzwa mpaka siku yake ya mwisho. Nilikuwepo siku ile. Réjean aliweka sahihi kwa kalamu ya baba yake, akatubusu wote wawili. Nilidhani kumtunza mtu maana yake ni kumwacha kwake.

Hasira zilinipanda nikanyoosha kidole ukutani. "Viatu vya theluji ninavyo. Vile pale. Mwezi wa pili ni mbali, twende uani nikuonyeshe sasa hivi!"

Huku kwetu kila nyumba ina jozi ya viatu vya theluji vya marehemu fulani, vimepishanishwa ukutani juu ya jiko la kuni, na picha ya mwenyewe katikati. Fremu ndefu za mti mgumu, zenye mkia, na wavu wa ngozi mbichi uliosukwa kwa mkono, ili mtu asizame kwenye theluji. Vile vilikuwa vya Adélard. Kila Desemba nilivishusha, nikavipaka vanishi, nikavirudisha. Mgeni akiuliza nafanyaje dharura ikitokea, nilimwonyesha ukuta. Padri nilimwonyesha ukuta. Mtu wa bima naye nilimwonyesha ukuta, akaandika kwenye fomu yake kwamba nimejiandaa.

Uani nilipiga hatua nane. Ya tisa, wavu wa mguu wa kulia ulikatika wote kwa mpigo, ukipasuka kama tambi kavu, na mguu wangu ukazama mpaka kwenye goti. Nikavuta wa kushoto nao ukakatika. Miaka ishirini na miwili juu ya joto la jiko, ngozi ilikuwa imekaukiana mpaka haina uhai, na vanishi yangu ilikuwa inang'arisha maiti. Réjean alikuwa kibarazani anakula biskuti. Alicheka. Si kwa ubaya, najua kicheko chake, lakini alicheka.

Usiku ule nilimtukana Adélard kwa sauti, kisha nikajitukana mwenyewe, maana si yeye aliyevitundika pale. Ni mimi, kwa kuwa vilipendeza. Barabara nzima tumetundika usalama wetu mahali pa kuuokea na kuusifia kwa wageni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvivaa viatu hivyo akaona.

Wiki mbili baadaye ukaja mzigo kutoka kwa mkwe wangu, Manon. Ndani mlikuwa na viatu vya theluji vipya, vya zambarau, vidogo, vyembamba, vyenye meno ya chuma chini na bei ambayo hawakuikwangua vizuri: dola mia mbili na themanini. Nilivivaa nikatoka. Mpaka kwenye banda la kuni nilizama kila hatua, nusu ya muundi, kisha goti. Nikampigia simu mwanangu.

"Umeninunulia nini hiki?"

"Vya kwako kabisa, Mama. Vimeandikwa kilo hamsini mpaka sitini na tano. Wewe una hamsini na nne."

"Nikiwa uchi, Réjean! Sharti linasema nitembee uchi?"

"Mama..."

"Weka koti. Weka mabuti. Weka mfuko wenye blanketi, dawa na chupa ya chai. Umefika ngapi?"

Akakwepa hesabu, akasema kwamba yeye na Manon wana vya aina hiyohiyo na wanavitumia kila Jumapili kwenye hifadhi, bila shida. Bila shida! Njia ya hifadhi imeshakanyagwa na watu mia mbili kabla yako, imekuwa ngumu kama sakafu, na katikati kuna kibanda cha kahawa. Barabara yangu ikimwagikiwa theluji mpya haijakanyagwa na mtu. Mvulana niliyemlea kwenye theluji hii alikuwa amesahau theluji ni nini, na ndiye aliyekuwa hakimu wangu. Nilikata simu kabla sijasema la kujutia.

Alhamisi Léandre, jirani wa ng'ambo ya msalaba, alinipitia kama kawaida na pikipiki yake ya theluji kunipeleka kijijini. Nilikwenda na vile vya zambarau chini ya kwapa mpaka dukani kwa Clermont, nikavibwaga kaunta.

Clermont ana miaka hamsini, na mama yake alicheza karata nami mpaka alipokufa. Akavitazama, akanitazama. "Bi Rolande, hivi hukununua kwangu."

"Nisingekuwa mjinga kiasi hicho. Nataka vya kunitoa kwangu mpaka msalabani theluji ikiwa imelala mpya, na sina dola mia mbili za kuchezea."

Alinianzia juu, kama wauzaji wote. Akashusha jozi ya bei mbaya yenye chuma kinachoinuka chini ya kisigino.

"Hiki cha nini?"

"Ukipanda mlima, mguu hauchoki."

"Barabara yangu ni tambarare tangu iumbwe, ukiacha kibonde cha kijito. Toa hapa."

Akashusha nyingine. Hii ilifungwa kwa kitufe: unakizungusha, waya unakaza mguu. Kitu cha kisasa, kizuri machoni.

"Kitufe kikiingia maji kikaganda?"

"Unakipulizia pumzi ya moto."

"Nimelala kifudifudi kwenye theluji, nakipulizia pumzi, si ndiyo, Clermont?"

Akakohoa. Akaleta vya plastiki tupu, dola thelathini, rangi ya chungwa. Bei ilinifurahisha. Nikavishika, nikamwambia aviache nje usiku mmoja wa digrii thelathini chini ya sifuri, asubuhi avikunje mbele yangu bila kuvivunja.

"Sitavikunja," akasema.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Angalau una aibu. Sasa nionyeshe vile unavyomuuzia mtu unayetaka afike."

Akaenda nyuma ya duka na kurudi na kreti la vumbi. Vilikuwa viatu vilivyokuwa vikikodishwa kwenye hifadhi, wameviondoa kwa uzee. Fremu ya alumini, vipana, virefu karibu kufika nyongani nikivisimamisha, na juu wameandika kwa rangi nyeupe namba kumi na saba. Kitambaa cha kimoja kilikuwa na kiraka ukingoni. Vifungo vyake vilikuwa mikanda mitatu ya mpira yenye matundu na ndoano, basi.

"Hivi vinabeba kilo tisini," Clermont akasema. "Huwezi kuzama. Lakini ni vizito kidogo, na hutajisikia fahari."

"Nikitaka fahari ninayo ukutani."

Nilivaa glavu zangu nene za kazini, nikakaa kwenye ndoo ya rangi, nikafunga na kufungua ile mikanda mara tatu bila kuvua glavu. Vidole vyangu vina baridi yabisi, haviwezi ndoano ndogo, lakini mpira ule niliuvuta kwa kiganja kizima ukakubali. Nikauliza ukikatika je. Clermont akasema kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kinatosha, akakata viwili akavitia kwenye kiatu.

Halafu nikalala sakafuni.

"Bi Rolande! Unafanya nini?"

"Naanguka. Unadhani nitafika bila kuanguka? Nataka kujua kama naweza kuinuka."

Mzee mmoja aliyekuja kununua skrubu akauliza kama apige simu ya ambulensi. Nikamwambia anunue skrubu zake. Mara ya kwanza nilisukuma kwa fimbo mbili za kutembelea alizonipa Clermont, sikuinuka. Mara ya pili nilibingirika nikagonga rafu ya makopo. Clermont akachuchumaa, uso umekuwa mwekundu, akasema taratibu: "Usisimamishe fimbo, nje zitazama zote. Zilaze zipishane kwenye theluji, uegemee pale zinapokutana. Geukia ubavu. Goti moja kwanza." Mara ya tatu niliinuka. Mgongo ulilia, lakini niliinuka, na yule mzee wa skrubu akapiga makofi mpaka nikamkata jicho.

"Bei gani?"

"Sitini."

"Na kiraka?"

"Hamsini."

"Na huyu aliyetaka kuniitia ambulensi?"

"Arobaini, na uondoke kabla hujanimalizia wateja."

Mwezi mzima nilizunguka ghala langu kila siku baada ya kahawa, mgongoni nimebeba mfuko wa unga. Léandre alinipungia mkono kila alipokuja Alhamisi, akadhani nimepata wazimu. Sikutembea kwa ajili ya afya, kama wanavyosema kwenye redio. Nilitembea kwa hasira, na kila nilipotaka kurudi ndani niliikumbuka ile bingo ya Jumatano, nikazungusha tena.

Siku niliyochagua ilikuwa Jumapili ya pili ya Februari. Jumamosi theluji ikamwagika mchana kutwa, sentimita arobaini juu ya ile ya zamani. Jioni Réjean akapiga simu.

"Mama, umeona nje?"

"Nina madirisha."

"Tunaweza kuahirisha."

"Dharura inaahirishwa? Natoka saa tatu kamili asubuhi. Uwe msalabani saa nne."

"Haya," akasema. "Saa nne."

Nilitoka saa tatu na dakika mbili, kwa sababu ya mkanda mmoja. Digrii kumi na tisa chini ya sifuri, hakuna upepo. Barabara haikuonekana, ilikuwa nguzo za ua tu zimetoa vichwa kila upande, nami nikashika katikati yao. Viatu vilizama mpaka kwenye kifundo na kusimama hapo. Namba kumi na saba, vibaya kwa sura, vizito, vilinibeba. Nilihesabu nguzo. Kila nguzo ishirini nilisimama nikavuta pumzi kumi, wala si zaidi.

Kwenye bonde la kijito upepo wa usiku ulikuwa umerundika theluji laini, na hapo ncha ya kiatu cha kushoto ilinasa chini ya cha kulia. Nilianguka kifudifudi. Theluji iliniingia shingoni, mdomoni, ndani ya glavu. Nilijaribu kusukuma na mkono wangu ukazama mpaka begani bila kugusa kitu.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana. Hakukuwa na sauti yoyote pale isipokuwa yangu, na nilijua kwamba nikikaa robo saa nitaanza kusikia usingizi, na nikisikia usingizi basi. Nikamwita Réjean. Sijui kwa nini. Hata kama amekwisha kufika, yuko kilomita moja mbele, asingesikia, lakini kinywa kilimwita chenyewe. Kisha nikakumbuka atanisubiri na saa mkononi, na hofu ikageuka ikawa ghadhabu. Nikalaza fimbo zikapishana. Nikageukia ubavu. Goti likateleza, nikarudi chini. Nikajaribu tena nikarudi chini. Mara ya tatu goti lilishika, nikasimama, natukana kwa maneno ambayo sijayatamka tangu nilipokuwa najifungua.

Nilitoka bondeni. Baada ya kona niliuona msalaba, na kando yake pikapu ya mwanangu, injini inanguruma, redio imewashwa. Basi yupo, nikajiambia. Amekuja mapema. Nakiri moyo ulinilainika kidogo, nikadhani amekuja mapema kwa wasiwasi.

Alikuwa amenipa mgongo. Kichwani ana kofia ya manyoya, mkononi ana drili, na mbele yake, kwenye nguzo mpya hatua tatu kutoka msalabani, anakaza bango. INAUZWA. Kulikuwa na sura ya wakala mwenye meno mengi, namba ya simu, na picha ya nyumba yangu wakati wa kiangazi. Pichani, kwenye kamba nyuma ya nyumba, nguo zangu zilikuwa zimeanikwa. Gauni langu la bluu lilionekana vizuri kabisa.

Nilisubiri amalize skrubu. Akageuka.

"Mama." Rangi ilimtoka. "Umefika."

"Saa ngapi?"

Akatazama mkono. "Saa tatu na... hamsini na tano."

"Dakika hamsini na tatu, na nimeanguka."

"Umeumia?"

"Hiki ni nini?"

Akalitazama bango mithili ya mtu aliyelikuta pale. "Ni wakala, Mama. Alinihimiza. Jumapili pikipiki za theluji zinapita hapa kwa wingi, watu wa mjini, wanatafuta nyumba za likizo. Nami nilikuwa nakuja huku kwa vyovyote, nikasema nisifanye safari mbili. Nitaliondoa. Naliondoa sasa hivi, umefika, mkataba ni mkataba."

"Kwa hiyo ulidhani sitafika."

"Kwa theluji hii! Mtu yeyote angedhani hivyo. Hata Léandre alisema."

"Lakini nilikwambia natoka saa tatu kamili."

"Ndiyo."

"Na unanijua. Nikisema natoka, natoka."

"Nakujua, Mama, ndiyo."

"Basi nijibu, Réjean. Muda huu wote umesimama hapa na drili yako, ukiwa na hakika kwamba sitafika. Ulidhani niko wapi?"

Niliona swali linamwingia, taratibu, mpaka chini. Aliitazama ile barabara nyeupe nyuma yangu, na nyayo zangu zinazotokea bondeni, kisha akautazama mkono wake ulioshika drili. Kwenye pikapu hakukuwa na blanketi. Hakukuwa na kamba wala fimbo wala viatu vya theluji, vyake vya Jumapili viko kwake kwenye gereji. Alikuja na bango na skrubu.

"Mama, mimi..."

Nikamsubiri. Nilimpa muda wa kutosha, zaidi ya alionipa yeye. Redio ndani ya gari ilikuwa inacheza wimbo wa akordiani, mtu anapiga miguu kwa mdundo. Midomo ilitetemeka kama alipokuwa mdogo, nami sikumhurumia, na mpaka leo sijui kama nilikosea.

Nikageuka. Nilimsikia anaita, kisha nikasikia ameshuka kutoka kwenye njia ya greda anifuate, amezama mpaka mapajani, anahangaika. Sikusimama. Ilikuwa hatua mbili tu, angeweza kurudi barabarani mwenyewe. Nilipita juu ya nyayo zangu, zilikuwa zimeshashindiliwa, na kwenye kile kijito sikuanguka. Nilifika nyumbani kwa dakika thelathini na nane.